Nafasi ya Swali katika Jumuiya

Wakristo wengi katika parokia zetu huacha kufundishwa dini siku ile askofu anapowapaka krisma. Mtoto amehudhuria mafundisho ya komunyo ya kwanza, akarudi kwa mafundisho ya kipaimara, akakariri sala na amri, akamjibu katekista bila kukosea, akavaa nguo mpya na kupiga picha na msimamizi wake. Kuanzia hapo, pengine akiwa na miaka 13 au 14, hakuna tena anayemketisha kumfundisha, isipokuwa zile wiki chache za mafundisho ya ndoa au siku moja ya semina. Lakini ndipo maisha yanapoanza kumuuliza maswali mazito. Anazika mtoto. Anapoteza kazi. Ndoa inayumba. Ukoo unamshauri aende kwa mganga, na jirani anamwambia kuwa chupa ya maji ya upako itafungua biashara yake. Anayakabili yote hayo kwa majibu aliyopewa akiwa shule ya msingi. Nguo aliyovaa siku ya kipaimara haimtoshi tena, wala hakuna anayetegemea imtoshe. Imani aliyovishwa siku hiyohiyo, tunategemea imtoshe mpaka kaburini.

Makala hii inawashauri waamini na viongozi wa jumuiya jambo moja. Parokia nyingi za Tanzania na Kenya tayari zina darasa la watu wazima, linalokutana kila wiki, katika kila mtaa, bila kulipa kodi ya ukumbi. Darasa hilo ni jumuiya ndogondogo ya Kikristo. Linalo Neno la Mungu, lina watu wanaofahamiana kwa majina, lina wazee waliopita katika magumu na vijana wanaoanza kuyaona. Kinachokosekana ni nafasi ya swali: muda uliotengwa na kulindwa, ambamo mtu mzima anaweza kusema mbele ya wenzake, bila aibu, "Hili silielewi," kisha wakasaidiana kulitafutia jibu katika Maandiko na mafundisho ya Kanisa. Nafasi hiyo ikipatikana, mengine yatafuata. Isipopatikana, hata tukijaza kabati la parokia vitabu, vitabaki kabatini.

Tukumbuke jumuiya hizi zilianzishwa kwa ajili gani. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakaamua kwamba Kanisa la ukanda huu lijengwe juu ya jumuiya ndogo za majirani. Mwaka 1976 wakakutana tena mjini humo na kuufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele chao cha kichungaji. Nia ilikuwa Kanisa lishuke kutoka kwenye jengo kubwa la parokia liingie sebuleni na chini ya mwembe, mahali mtu anapoishi, ili Injili ikutane na maisha ya siku zote. Miaka imepita, na jumuiya imekuwa nguzo kweli. Bila utambulisho wa jumuiya, katika parokia nyingi ni vigumu kubatizia mtoto, kufunga ndoa au kumzika ndugu. Jumuiya huchangia wagonjwa, hubeba misiba, hujenga makanisa. Hayo ni matunda ya upendo, na anayeyadharau hajui kilichowasitiri watu wengi siku ya msiba. Hata hivyo, katika jumuiya nyingi mizani imelalia upande mmoja. Rozari inasaliwa, Injili inasomwa, mtu mmoja yuleyule anatoa tafakari, wengine wanaitikia "Amina", kisha matangazo na michango vinachukua muda wote uliobaki. Mtu anaweza kuhudhuria kwa miaka 20 bila kuulizwa hata mara moja ameelewa nini, na yeye mwenyewe asiulize.

Kanisa halikukusudia hivyo. Katika waraka wake wa mwaka 1979 kuhusu katekesi, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba katekesi ya watu wazima ndiyo sura kuu ya katekesi, kwa sababu inawahusu watu wenye majukumu makubwa zaidi na wenye uwezo wa kuishi ujumbe wa Kikristo katika ukamilifu wake. Mwongozo wa katekesi uliotolewa mwaka 1997 ulirudia fundisho hilo, ukaeleza kwamba katekesi nyingine zote zinaielekea hiyo. Sisi tumefanya kinyume. Tumewekeza kwa watoto karibu kila tulicho nacho, kwa kuamini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli inapohusu malezi, ila tunaipa kazi isiyo yake tunapoitumia kumwacha mkavu bila maji. Waswahili haohao walisema pia kwamba elimu haina mwisho, na kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tena mtoto hujifunza imani kwanza kwa mzazi wake. Mama asiyejua kwa nini Kanisa linawaombea marehemu atamjibu nini mwanawe wa kidato cha pili anayetoka shuleni na hoja za wenzake? Kumfundisha mtoto na kumwacha mzazi ni kumwagilia majani huku mizizi ikikauka.

Kwa nini iwe swali, na si mahubiri zaidi au semina zaidi? Tuangalie Yesu mwenyewe anavyowafundisha watu wazima. Katika Injili ya Luka, wanafunzi wawili wanarudi Emausi wakiwa wamekata tamaa. Mfufuka anawakaribia, lakini haanzi na fundisho. Anawauliza wanazungumza nini njiani, na wanaposhangaa kwamba hajui, anawauliza tena, mambo gani? Anawaacha waseme yote, pamoja na matumaini yao yaliyovunjika. Ndipo anapoanza kuwafafanulia Maandiko. Katika Matendo ya Mitume, Filipo anamkuta afisa wa Ethiopia akisoma nabii Isaya garini. Swali lake la kwanza ni kama anaelewa anachosoma, naye yule mtu anajibu kwa unyofu kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza. Apolo, msomi wa Aleksandria na mhubiri hodari, anachukuliwa kando na mume na mke, Akwila na Prisila, wanaomweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Walimu walikuwa mafundi wa mahema, na mwanafunzi alikuwa msomi. Katika visa hivyo vyote anayejifunza ni mtu mzima, anapewa nafasi ya kusema lililo moyoni, na mafundisho yanashika pale alipofikia.

Historia ya nchi yetu nayo inashuhudia kwamba watu wazima hujifunza hivyo. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima Tanzania. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni 2, wengi wao wakulima wa vijijini ambao hawakuwahi kupata shule ya kutosha. Mpango haukuwa wa kuwahutubia tu. Watu walikusanyika katika vikundi vidogo, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana: tatizo hili lipo kwetu? Linatokana na nini? Sisi tunaweza kufanya nini kabla ya juma lijalo? Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa, na hawakuwa madaktari. Kazi yao ilikuwa kuongoza mazungumzo. Matokeo yalionekana kwa macho: vyoo vilichimbwa kwa wingi, mazalia ya mbu yakafukiwa, visima vikasafishwa. Mkulima aliyejadili na kukubali mwenyewe kwamba choo kinahitajika alikichimba. Kama mazungumzo ya kikundi yaliweza kubadili mazoea ya afya, kuna sababu gani ya kudhani hayawezi kukuza uelewa wa imani kwa watu wa aina hiyohiyo, wanaokutana kwa namna hiyohiyo?

Wapo watakaosema kwamba hilo tunalo tayari, kwa kuwa jumuiya zetu hutumia Hatua Saba za kushirikishana Injili. Njia hiyo ilienezwa na taasisi ya kichungaji ya Lumko ya Afrika Kusini, na ni zawadi kubwa: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunachagua maneno na kuyarudia, tunanyamaza, tunashirikishana, tunajadili kazi ya kufanya, tunasali. Lakini kila chombo kina kazi yake. Hatua Saba ni njia ya kusali kwa Neno. Katika hatua ya tano kila mmoja husema neno lililomgusa, na utaratibu wenyewe unatutaka tusihubiriane wala tusibishane. Ni sawa kabisa, maana mtu anayefungua moyo wake katika sala hapaswi kusahihishwa. Ila kwa sababu hiyohiyo, mwenye swali hapati pa kulileta. Anayesema neno "mwamba" limemgusa atasikilizwa. Anayetaka kujua kwa nini Petro aliitwa mwamba na hilo linamhusu vipi Papa, hana nafasi. Jumuiya inahitaji vyote viwili, kusali kwa Neno na kulichunguza, na inafaa kuvipa siku tofauti ili kimoja kisimeze kingine.

Ushauri wangu, basi, ni huu: katika mikutano minne ya mwezi, jumuiya itenge mmoja uwe wa swali. Mitatu iendelee kama kawaida. Mkutano huo uwe wa saa moja, nayo michango isiingie ndani ya saa hiyo. Mtunza hazina apewe robo saa baada ya sala ya kufunga, akusanye na kuandika kwa utulivu. Saa yenyewe igawanywe hivi: dakika 5 za sala na wimbo, dakika 10 za kusoma swali na somo la Biblia linalolihusu, likisomwa polepole mara mbili, dakika 10 za mazungumzo ya wawili wawili, dakika 20 za mazungumzo ya wote, dakika 10 za kusoma na kueleza Kanisa linafundisha nini, na dakika 5 za kukubaliana jambo moja la kufanya, kisha sala. Jumuiya yenye watu 30 ijigawe katika makundi ya watu 8 hadi 12 wakati wa mazungumzo, maana katika umati wanaosema ni walewale watatu. Wawili wawili si mapambo ya ratiba. Mama ambaye hajawahi kufungua kinywa mbele ya wanaume wa jumuiya atamwambia mwenzake aliye naye mkekani, na akishalisema mara moja, mara ya pili halimtishi.

Swali lenyewe lichaguliwe kwa uangalifu, kwa kuwa likiwa baya hata mwongozaji hodari hawezi kuliokoa. Swali zuri haliishii kwenye ndiyo au hapana, linatoka katika maisha ya watu waliokaa pale, na lina mahali pa kushika katika Maandiko. "Tuzungumzie Utatu Mtakatifu" si swali, ni kichwa cha kitabu. "Ugonjwa ni adhabu ya dhambi?" ni swali la mtaani, na lina mzizi katika Biblia: sura ya 9 ya Injili ya Yohane, ambako wanafunzi wenyewe wanamuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, naye anakataa kwamba yeye au wazazi wake ndio chanzo. Jumuiya ikianzia hapo, wawili wawili watasimuliana wanayosikia: kwamba fulani amelogwa, kwamba fulani hana imani ndiyo maana haponi. Katika mazungumzo ya wote mwongozaji anauliza jibu la Yesu linagusa vipi maneno hayo. Kisha zinasomwa aya chache za Katekisimu ya Kanisa Katoliki kuhusu Mpako wa Wagonjwa, kuanzia aya ya 1499, na hapo wengi watagundua jambo kubwa. Watu huogopa kumwita padre nyumbani kwa mgonjwa wakidhani mpako ni ishara ya kuaga dunia, kumbe Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha wazi kwamba sakramenti hiyo si ya wanaokata roho peke yao. Hatua ya kufanya inajileta yenyewe: nani mtaani kwetu ni mgonjwa, na nani ataiuliza familia yake kama inapenda padre aitwe? Saa moja imetosha kuondoa hofu iliyomnyima mgonjwa sakramenti.

Maswali ya namna hiyo hayakosekani. Kwa nini tunawaombea marehemu? Jumuiya isome sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kisha aya za 1030 hadi 1032 za Katekisimu. Je, Mungu anamwahidi utajiri kila anayetoa sadaka? Isome habari za mjane na sarafu zake mbili, na iulize yule mjane aliahidiwa nini. Mkristo afanye nini ukoo unapodai atambike? Tunamsameheje mtu ambaye hajaomba msamaha? Ili maswali yatoke kwa watu na yasitungwe na kiongozi peke yake, jumuiya iwe na daftari la maswali linalotunzwa na katibu. Asiyetaka kuuliza kwa mdomo aandike kikaratasi bila jina. Kila swali liandikwe pamoja na tarehe yake, na mbele yake ibaki nafasi ya kuandika jibu lilipopatikana. Daftari hilo la shilingi chache litaifaa parokia kuliko ripoti nyingi, kwa sababu litaonyesha watu wake wanahangaika na nini kweli.

Mwongozaji si mwalimu, na akijisahau akaanza kuhubiri, mkutano umekwisha. Kazi yake ni kulinda saa, kulinda swali lisipotee, na kulinda watu. Inafaa azoee sentensi chache: "Tumsikie ambaye hajasema bado." "Hilo umelipata wapi katika somo?" "Hili hatulijui leo, tunaliandika." Sentensi hiyo ya tatu ina thamani ya pekee. Jumuiya iliyojifunza kusema hatujui inajenga imani ya watu kuliko ile inayobuni majibu, mradi swali lipelekwe kwa katekista au paroko na jibu lirudi mkutano unaofuata. Kazi ya kuongoza izunguke, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, na mwenyekiti asiishike peke yake. Kanuni moja isivunjwe na yeyote: linalosemwa na mtu juu ya maisha yake halitoki nje ya nyumba ile. Siku habari ya ndoa ya mtu ikisikika gengeni, nafasi ya swali imefungwa, na kuifungua tena kutachukua miaka.

Kuna mapingamizi ya haki, na inafaa yajibiwe. La kwanza ni kwamba watu watabishana na mafundisho potofu yataingia. Hofu hii ni ya kichungaji, hivyo haifai kubezwa. Lakini tuulize: kwa sasa maswali hayo yanajibiwa wapi? Hayangoji. Yanajibiwa kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp, kwenye mahubiri ya spika za jirani, kwenye daladala. Ukimya wa mwamini jumuiyani hauthibitishi kwamba amekubali. Mara nyingi amekwisha kujibiwa kwingine, na siku atakayoondoka ndipo tutakaposhangaa. Ni salama zaidi swali liulizwe mbele ya Biblia, Katekisimu na majirani wanaomtakia mema. Hata hivyo mipaka iwepo. Jumuiya haipigii kura mafundisho ya imani. Mazungumzo yanatafuta kuelewa Kanisa linafundisha nini na kwa nini, na jinsi ya kuliishi. Ndiyo maana zile dakika 10 za mafundisho haziondolewi katika ratiba hata mazungumzo yakinoga.

Pingamizi la pili ni kwamba hatuna wataalamu, na padre mmoja ana vigango vingi. Jibu lake liko katika historia ya Kanisa la Buganda. Mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika walifika huko mwaka 1879, na mwaka 1882 wakaondoka kwenda kusini mwa Ziwa Viktoria, wasirudi hadi mwaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre. Waongofu wa kwanza, wakiwemo Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba, waliendelea kukusanyika, kufundishana na kusali, na mapadre waliporudi walikuta idadi ya wanaojifunza dini imeongezeka. Watu wa Buganda waliwaita Wakristo hao abasomi, yaani wasomaji, kwa maana kilichowatambulisha machoni pa jirani zao ni kwamba walikuwa watu wanaojifunza. Miongoni mwa hao walitoka mashahidi wa miaka ya 1885 hadi 1887. Imani iliyohimili moto wa Namugongo, walikochomwa wengi wao, ilikuwa imelelewa kwa sehemu kubwa na walei waliofundishana. Sisi tunayo Biblia nzima kwa Kiswahili, tunayo Katekisimu, tunaye katekista na simu ya paroko. Uhaba wetu si mkubwa kuliko wao.

Wengine watasema wazee wetu hawajui kusoma, na wanaojua wanaona aibu. Lakini saa ya swali haihitaji kila mtu asome. Inahitaji msomaji mmoja mwenye sauti nzuri na wengine wenye masikio. Mtu asiyejua kusoma anajua kufikiri, na mara nyingi anakumbuka masomo ya Misa kuliko mwenye Biblia kwenye simu. Kuhusu aibu, Mtakatifu Augustino alikwisha kutoa ushauri. Yapata mwaka 400, shemasi wa Kartago aitwaye Deogratias alimlalamikia kwamba mafundisho yake kwa watu wanaokuja kuomba ukristo yanachosha. Augustino alimwandikia kitabu kizima, na ndani yake akamshauri kwamba msikilizaji akionekana amepoa, aulizwe kwa upole kama ameelewa, atiwe moyo aseme pingamizi lake, na akichoka apewe kiti. Askofu huyo hakumlaumu msikilizaji, alimtaka mwalimu amfungulie mlango. Tunaweza kumuiga katika jambo dogo la kukaa: viti na mikeka viwekwe kwa duara, kusiwe na meza kuu, na aliyechelewa kwa sababu ya shamba au biashara apate nafasi bila kutazamwa vibaya.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mtu wa sala, anayesema jumuiya ni mahali pa kukutana na Mungu na isigeuzwe darasa. Mtu huyu anastahili jibu la heshima, kwa sababu anachokilinda ni kitakatifu. Lakini Biblia haitenganishi mambo hayo mawili. Katika sura ya 8 ya kitabu cha Nehemia, Ezra anasoma Sheria mbele ya watu wote, Walawi wanawafafanulia ili waelewe, watu wanalia, kisha wanaambiwa wasihuzunike, waende wakale na kunywa na kuwapelekea wasio na kitu. Furaha yao, Maandiko yanaeleza, ilitokana na kuelewa maneno waliyotangaziwa. Uelewa ulizaa ibada, na ibada ikazaa sadaka kwa maskini. Na katika vikao vya Sinodi vya Oktoba 2023 na Oktoba 2024 huko Vatikano, makardinali, maaskofu, watawa na walei waliketi pamoja kwenye meza za mviringo: kila mmoja akasema, wakanyamaza wakasali, kila mmoja akaeleza alichosikia kwa wenzake, ndipo wakatafuta pamoja njia ya mbele. Waliyaita mazungumzo katika Roho. Utaratibu uliofaa kwa makardinali si mgeni kwa mama lishe na fundi baiskeli wa jumuiya ya Mtakatifu Yosefu.

Mapadre nao wana sehemu yao, na ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Paroko hahitaji kuhudhuria kila saa ya swali. Kuwepo kwake kila mara kunaweza hata kuwanyamazisha watu, kwa heshima waliyo nayo. Anahitaji kuyapokea madaftari mara moja kwa mwezi, kujibu yale yaliyoshindikana, na kulichukua swali lililojirudia katika jumuiya nyingi kuwa kiini cha homilia yake siku masomo yanaporuhusu. Waamini wakisikia swali lao altareni watajua kwamba kuuliza si uasi. Katekista, ambaye Papa Fransisko aliiinua kazi yake mwaka 2021 kwa kuanzisha rasmi huduma ya katekista, aandae waongozaji kwa siku moja ya Majilio na moja ya Kwaresima, wakifanya mazoezi ya saa nzima kwa vitendo. Halmashauri ya Walei nayo imlipie nauli anapokwenda kwenye jumuiya za mbali, kwa maana hatuwezi kudai elimu ya imani ni muhimu huku tukimwacha mwalimu wake atembee kwa miguu.

Tusianze parokia nzima kwa siku moja. Zianze jumuiya mbili au tatu zilizo tayari, kwa miezi mitatu, kisha wenyekiti wake wawaeleze wenzao kilichokwenda na kilichokwama. Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya waliohudhuria peke yake. Tufungue daftari tuone: maswali ya mwezi wa tatu yanatoka kwa watu wengi kuliko ya mwezi wa kwanza? Kuna yaliyotoka kwa wanaokaa kimya siku zote? Kuna mgonjwa aliyepata mpako, ndugu waliopatana, mzazi aliyemjibu mwanawe? Na kama mwenyekiti anayesoma makala hii hajui aanzie wapi, mkutano ujao, kabla ya matangazo, agawe vikaratasi na kalamu, awaombe waliokuja waandike jambo moja la imani wanalotamani kulielewa kabla ya kufa. Atoe dakika tano za kimya, avikusanye, avisome nyumbani. Swali la mwezi ujao litakuwa humo.